Barua kutoka Gataka: Mahali Kijidudu Anaposhika

Gataka, Kajiado
Jumapili jioni

Shangazi mpendwa,

Mtoto hajambo. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo macho yako yatakalolitafuta kwanza. Kuhara kumekoma tangu juzi, ananyonya kwa pupa, na leo ametambaa mpaka kizingitini akitaka kutoka uani. Mama yake anakusalimu sana. Anasema ushauri wako wa kwenye simu, wa kumpa ORS, yale maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja hata kama anatapika, ndio uliomvusha usiku ule.

Kabla simu haijakatika uliniuliza swali ambalo sijaacha kuliwaza. Ploti moja, maji ya mtungi mmoja, watoto wanne wanaochezea vumbi lile lile. Kwa nini augue huyu mmoja? Wewe umefanya kazi wodini Chake Chake, huko Pemba, miaka mingi na umeona kaya nzima ikilala kwa kipindupindu isipokuwa mtu mmoja, kwa hiyo hukuuliza ili kupitisha muda. Nimelichukua swali lako kama mwalimu wa biolojia anavyopaswa kulichukua. Nimesoma, nimemsumbua jirani wa hapa anayefanya kazi maabara, na sasa nakuandikia kwa kirefu.

Kwanza uelewe mahali penyewe. Gataka iko pembezoni mwa Ongata Rongai, kwenye barabara inayokwenda Karen, na mto Mbagathi ndio unaotenganisha Kajiado na Nairobi. Ukitoka mjini unapanda matatu za 125 au 126, zile zilizochorwa picha kila pembe na muziki wake unaosikika kabla hujaliona gari lenyewe. Asubuhi, mawingu yakiwa hayajashuka, milima ya Ngong inaonekana vizuri upande wa magharibi. Hapa palikuwa malisho ya Wamaasai. Leo kuna maghorofa ya kupangisha, nyumba za mabati, vitalu vya sukumawiki, na bado ng'ombe wachache wanapitishwa kando ya barabara huku pikipiki zikiwapigia honi. Watu ni wengi na wanaongezeka, lakini maji ya bomba hayawatoshi. Wengi hununua ya visima virefu, yanayoletwa kwa malori ya tangi au kwa mikokoteni ya punda iliyopangwa mitungi ya lita 20. Mabomba ya maji taka hayajafika sehemu kubwa, kila ploti ina shimo lake, na likijaa huitwa gari la kunyonya. Masika yakishuka, shimo na kisima vikiwa vimekaribiana, mtu hawezi kuapa kwamba maji yake hayajakutana na uchafu wa jirani.

Kwa hiyo vijidudu viliwafikia watoto wote wanne. Hilo silitilii shaka. Lakini kijidudu kuingia kinywani bado si ugonjwa, na hapa ndipo nilipopata jambo ambalo natamani kila mzazi wa huku na wa kwetu alijue: kinachoamua ni kama ataweza kushika.

Fikiria safari anayoipita. Kuna asidi ya tumboni, kisha nyongo, kisha utumbo mwembamba ambao hautulii hata kidogo. Unajikunja na kusukuma mchana na usiku, umefunikwa ute unaoteleza, na seli za ukuta wake humomonyoka na kuzaliwa upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Katika utumbo mpana mwendo ni wa polepole, na matrilioni ya bakteria hukaa humo kwa amani bila kuhitaji kung'ang'ania. Utumbo mwembamba ni mahali pengine kabisa. Bakteria asiyeshika ukuta pale hupitishwa na kutolewa nje pamoja na chakula, hata kama ana sumu kali namna gani. Ndiyo maana karibu kila bakteria anayewaharisha watoto wetu ana chombo maalumu cha kushikia.

Chombo cha kawaida zaidi ni vinyweleo. Mwaka 1955 J. P. Duguid na wenzake huko Scotland walieleza vinyweleo vyembamba walivyoviona kwa hadubini ya elektroni, vikiwa vimesimama mwili mzima wa E. coli. Vya aina ya kwanza vina upana wa nanomita 7 hivi, na kwenye ncha ya kila kimoja kuna protini inayotambua sukari iitwayo manosi. Ukuta wa utumbo wetu, Shangazi, umejaa sukari. Sisemi sukari ya chai. Nasema vishada vya sukari za namna mbalimbali vilivyoshikamana na protini na mafuta ya ngozi ya seli, vikiwa vimetokeza nje. Mwili huvitumia kwa shughuli zake. Bakteria amejifunza kuvisoma. Ukimwaga manosi nyingi kwenye chombo cha maabara, vinyweleo hivyo hujaa manosi iliyo huru na bakteria hashiki tena seli. Nakuomba uikumbuke habari hiyo, kwa sababu maziwa ya mama hufanya jambo linalofanana nayo.

Kuna jambo moja ambalo hata jirani yangu wa maabara alilirudia mara mbili ili nilielewe. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walionesha kwamba mshiko wa ile protini ya manosi huimarika maji yakipita kwa nguvu, na hulegea yakitulia. Ni kama fundo la kamba ya ng'ombe: akivuta ndipo linapokaza. Baadaye tabia hiyo ilionekana pia kwenye kinyweleo cha E. coli mmojawapo anayesababisha kuhara kwa watoto na wasafiri. Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini mharo wenyewe, pamoja na nguvu zake zote za kusukuma, hauoshi ukuta ukawa safi. Mkondo unapokuwa mkali ndipo mwenye mshiko wa namna hiyo anapobaki na wengine wanapoondoka.

Sasa nikupeleke kwenye boma la mzee mmoja anayefuga karibu na hapa. Nilikwenda kununua maziwa, tukazungumza juu ya ndama. Aliniambia ndama wa kuhara maji, yule anayekauka macho na kufa kabla hujaita daktari wa mifugo, hufa katika siku zake za kwanza. Akivuka wiki, ugonjwa huo hauna habari naye tena. Alilijua hilo kwa kuangalia tu, na maabara inakubaliana naye. E. coli anayewapiga ndama wachanga ana kinyweleo kiitwacho K99, nacho hushika sukari ya aina ya asidi ya sialiki iliyo tele kwenye utumbo wa ndama mchanga na inayopungua kadiri anavyokua. Sukari ikipungua, mshiko unakosa pa kukaa. Kwa hiyo wafugaji wanaoweza humchanja ng'ombe mwenye mimba, ili kingamwili za K99 zipite kwenye dang'a na kumfikia ndama saa zile za mwanzo. Kingamwili hizo hufunika vinyweleo, bakteria hupita, ndama hupona bila kujua aliponea wapi.

Lakini sikiliza sehemu inayotuhusu sisi. Asidi ya sialiki inayoshikwa na K99 kwa kawaida haitengenezwi na mwili wa binadamu. Wanyama wengi wanayo. Mababu zetu wa mbali waliharibikiwa na jeni ya kuitengeneza zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na tangu hapo sisi tumebaki na ile iliyotangulia, ambayo inatofautiana nayo kwa atomu moja tu ya oksijeni. Atomu moja! Ndiyo inayomfanya mtoto alale boma moja na ndama mgonjwa na kijidudu kile cha K99 kisimpate. Simaanishi kwamba kinyesi cha ng'ombe ni salama. Salmonella wa aina kadhaa na E. coli wa O157 huvuka kutoka kwa ng'ombe kuja kwa binadamu, na wazazi wasije wakasikia nusu ya habari hii wakaacha kunawa mikono.

Na kupoteza sukari ile hakukutupa faida tupu. Mwaka 2014 maabara ya Jorge Galán huko Yale ilionesha kwamba sumu ya bakteria wa homa ya matumbo (taifodi) hushika barabara ile asidi ya sialiki iliyobaki kwetu, na haishiki vizuri ile ya wanyama. Hiyo ni sehemu ya sababu homa ya matumbo ni ugonjwa wa binadamu peke yake. Mahali tulipokwepa kijidudu cha ndama, hapo hapo pana kingine kinachotusubiri.

Nimekaa sana kwenye ndama kwa sababu jibu la swali lako limo humo, na nguruwe wanalionesha wazi zaidi. Najua wewe na mimi hatufugi nguruwe, lakini sayansi yake ni ya kweli kwa wote. Mwaka 1975 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba kati ya vitoto vya nguruwe vya uzazi mmoja, wamo ambao E. coli mwenye kinyweleo cha K88 hawezi kabisa kushika utumbo wao. Wanazaliwa bila kipokezi chake, yaani kile anachokishika ukutani. Wanakula uchafu ule ule, wanalala kwenye nyasi zile zile, na hawaharishi. Ndugu zao wenye kipokezi wanaharisha, na wengine wanakufa.

Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo, ila mwelekeo ni huo. Wewe ndiye uliyeniambia miaka mingi nyuma kwamba watu wa kundi la damu O huzidiwa zaidi na kipindupindu. Ni kweli, na imethibitishwa mara nyingi, hasa Bangladesh. Kundi la damu ni sukari, na sukari zile za damu zimo pia kwenye utumbo wa watu wengi. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Marekani lilichapisha kwamba E. coli wa kuharisha wa aina moja ana protini inayonata kwenye sukari ya kundi A, na waliojitolea kuambukizwa wakiwa na damu A waliharisha zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo watoto wanne wa ploti hii, hata kama mama zao huchota maji mtungi mmoja, hawana utumbo mmoja. Wanatofautiana kwa sukari, kwa umri, kwa kile walichowahi kuugua, kwa chakula, kwa idadi ya vijidudu vilivyoingia siku ile. Siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo lililomwangusha huyu wetu. Lakini najua lipo, na najua halikuwa jicho la mtu kama bibi wa nyumba ya pili alivyokwisha kumnong'oneza mama yake.

Kuna bakteria mmoja anayenitisha kuliko wote, kwa sababu yeye hangoji kukuta sukari anayoitaka. Anakuja na kipokezi chake mwenyewe. Mwaka 1945 daktari John Bray aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa wakiharisha na kufa katika hospitali moja nje kidogo ya London, na akamshuku E. coli wa aina ambayo baadaye ilipewa namba O111. Wakati ule wengi waliamini E. coli ni mkaazi wa kawaida wa utumbo asiye na neno. Miaka ikapita, na mwaka 1989 taarifa ya kisayansi kutoka Nairobi ilieleza juu ya O111 huyo huyo kwa watoto njiti. Safari ndefu ya kijidudu kimoja.

Jinsi anavyoshika ilijulikana mwaka 1997, kwa kazi ya maabara ya Brendan Finlay huko Vancouver. Bakteria hukaribia seli, akatoa kijisindano cha protini, akadunga ndani ya seli protini iitwayo Tir. Tir ikifika ndani hujipachika kwenye utando wa seli, kichwa kikitokeza nje kumwelekea aliyeituma. Bakteria naye ana protini nyingine mgongoni, intimini, inayoikamata Tir barabara. Kisha Tir inaamrisha nyuzi za ndani ya seli zijikusanye chini yake mpaka ukuta unavimba na kutengeneza kijukwaa, bakteria akiwa amekaa juu. Vidole vidogo vya seli vinavyofyonza chakula na maji vinafutika mahali hapo. Mtoto anaharisha kwa sababu eneo lake la kufyonzea limeharibiwa.

Usidhani hiyo ni habari ya vitabuni. Ule utafiti mkubwa wa kuhara uliofanyika nchi saba za Afrika na Asia, na kwa Kenya ukafanyikia Siaya, ulichapishwa mwaka 2013. Uliwataja rota, kriptosporidia, shigela na E. coli mmoja wa sumu kuwa wasababishi wakuu. Bakteria huyu wa kijukwaa hakuwa mwingi kama hao. Lakini watoto wa chini ya mwaka mmoja waliokuwa naye walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika wiki zilizofuata. Huyu wa kwetu ana miezi minane. Unaelewa kwa nini sikulala.

Na hapa nina uchungu wa kukueleza. Mtoto alipopelekwa zahanati, alitolewa damu kwa kipimo cha Widal, wakasema ni taifodi, akachomwa sindano ya antibiotiki, wakarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeuliza alikojoa lini. Hakuna aliyebana ngozi ya tumbo kuona kama inarudi haraka. Kipimo kile hutafuta kingamwili tu, nazo zaweza kuwepo kwa sababu nyingi, wala hakioneshi ni nani aliyeshika utumbo wa mtoto leo. Watu wa huku wamezoea kuambiwa wana taifodi kila homa inapowapanda. Dawa nazo zinazidi kukosa nguvu, na kila mtu hapa analalamikia gharama, ila wachache wanalalamikia kwamba hawakupewa pakiti ya ORS inayouzwa bei ya mkate au chini yake.

Uzuri wa ORS, Shangazi, nimeuona upya safari hii. Umeigawa maisha yako yote. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba utumbo una njia inayopitisha glukosi na sodiamu pamoja, kimoja kikimvuta mwenzake, na maji hufuata. Mtu akiwa na kipindupindu njia hiyo inabaki nzima hata sumu ikiwa imekwisha kazi. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitegemea kuwanywesha wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, dripu zilipokwisha, na vifo vikapungua kwa namna ambayo ulimwengu haukuwa umeona. Kinywaji hicho hakimuui bakteria wala hakiuvunji mshiko wake. Kinamweka mtoto hai, na zinki inasaidia, mpaka ukuta wa zamani umomonyoke na yule aliyeushika aondoke nao.

Sasa maziwa ya mama. Huyu mtoto alianza kupewa uji na maziwa ya dukani mapema, kwa sababu mama yake hupanda matatu kabla ya alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi giza limeingia. Simlaumu, na sitaki wewe umlaumu. Lakini nimemweleza kinachopotea. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari fupi fupi ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Baadhi zinafanana na zile za ukuta wa utumbo. Bakteria anazishika akidhani amefika, na zinamtoa nje. Mwaka 2003 ilioneshwa kwamba sukari za namna hiyo zenye fukosi humzuia Campylobacter kushika seli, na mwaka uliofuata huko Mexico watoto walionyonya maziwa yenye wingi wa sukari moja ya aina hiyo walipata kuhara kwa Campylobacter mara chache zaidi. Mna pia laktoferini, ambayo maabarani imeonekana kuziharibu protini za kijisindano cha yule bakteria wa kijukwaa kabla hajadunga. Mna na kingamwili za mama mwenyewe, alizozitengeneza dhidi ya vijidudu vya ploti hii hii, maji haya haya. Hakuna kopo la dukani litakalokuwa nazo. Tumekubaliana atakamua usiku, na mdogo wake atampa mtoto mchana kwa kikombe.

Kuhusu uji nina habari iliyotokea ng'ambo tu ya bahari kutoka kwenu. Kule Msambweni, Kwale, watafiti waliwapa watoto wa miezi sita uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubisho wenye madini ya chuma, kwa ajili ya upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba chuma kiliwaongeza E. coli wa hatari na kuuwasha utumbo. Bakteria wengi wabaya wana njaa ya chuma, na wale wema wa maziwa wanahitaji kidogo sana. Mwaka 2017 kundi hilo lilionesha, hapo hapo pwani, kwamba ukichanganya chuma na sukari fupi fupi za galaktosi madhara hayo hupungua. Watoto wetu wanahitaji damu, hakuna ubishi. Basi wapewe kwa namna isiyowaandalia maadui nafasi.

Lile suala la nafasi lilinirudisha kwa mzee wa boma. Maziwa aliyoniuzia yalikuwa mabichi, nikayachemsha, kwa sababu brusela ni tatizo kubwa katika ufugaji wa Kajiado na sitaki kuleta homa nyingine ndani ya nyumba. Lakini alinionesha pia kibuyu cha mgando wao, kule naoto, kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu. Mwaka 2004 Julius Mathara na wenzake walichapisha uchunguzi wa bakteria wa mgando huo wa Wamaasai, wakakuta Lactobacillus plantarum ndiye ametawala. Mwaka 2008 wakaenda mbali zaidi: waliwapima bakteria hao kama wanastahimili asidi na nyongo, na kama wanashika seli za utumbo zinazotoa ute zilizokuzwa maabarani. Wapo walioshika. Yaani hata bakteria mwema anahitaji mshiko, na mahali alipokaa yeye, yule mwingine huenda asipate pa kukaa. Seli za kwenye sahani si utumbo wa mtoto wa Gataka, na nisingependa mtu aache chanjo akakimbilia kibuyu. Ila nilijisikia fahari kuona kazi ya mikono ya wanawake wa Kimaasai ikiwekwa kwenye hadubini kwa heshima, na natamani watafiti wa huku wapewe fedha ya kuendelea mpaka kwa watoto wenyewe.

Nimebakiza jambo linalokuhusu wewe hasa. Mwaka 2009 ulipopita nyumba kwa nyumba Pemba na ile chanjo ya kunywa ya kipindupindu, ile iliyochanganywa na unga wa kutoa povu, nilikuwa kijana na sikuelewa ulichobeba kwenye kile kisanduku cha barafu. Ndani yake mlikuwa na bakteria waliouawa na sehemu ya sumu yao iitwayo B, ambayo kazi yake pekee ni kushika. Sumu ya kipindupindu haingii kwenye seli mpaka sehemu hiyo ishike molekuli ya GM1 iliyo juu ya ukuta. Mwili ukishaijua sehemu B, hutoa kingamwili zinazoifunika, na sumu inaelea bila pa kutua. Kati ya watu wapatao 48,000 waliolengwa Unguja na Pemba, karibu nusu walikunywa dozi zote mbili, na kinga kwa walionywa ilikuwa asilimia 79 hivi. Hata majirani ambao hawakunywa walipata nafuu, kwa kuwa vijidudu vilikosa watu wa kuwapitia.

Chanjo nyingine ya kunywa, ETVAX, imejengwa juu ya vinyweleo vya E. coli vya kushikia, na imekwisha kujaribiwa kwa watoto Bangladesh, Zambia na Gambia. Hapa Kenya chanjo ya homa ya matumbo ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2025. Kipindupindu nacho hakikukaa mbali: mlipuko ulioanza Oktoba 2022 uliifikia Kajiado mapema kabisa, na nchi nzima waliougua walipita 10,000. Jirani yangu wa maabara na baadhi ya akina mama wa ploti wanataka kuwakusanya wazazi Jumamosi ijayo chini ya turubai, wazungumzie maji, choo, kunyonyesha na chanjo, na wameniomba niseme maneno machache. Tayari nasikia baadhi ya wazazi wakisema hawatakuja, na kwamba chanjo ni mambo ya wenye hila.

Kwa hiyo nakuomba uniandikie, au unipigie kabla ya Ijumaa. Wale waliokataa Pemba, walikuambia nini mlangoni? Na wale waliokataa siku ya kwanza kisha wakaja wenyewe kwa dozi, ni neno gani lililowageuza?

Nisalimie nyumba nzima.

Mwanao